Karatasi za Nyumbani: Kumsoma Tena Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi, riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, hutajwa zaidi kuliko inavyosomwa. Mhadhiri akiitaja tunaandika jina la mtunzi, mwaka wa kuchapishwa, yaani 1980, na jina la mchapishaji, Tanzania Publishing House. Basi, tunageuza ukurasa. Wale wachache wanaoifungua hurudi na lalamiko lile lile: ni ndefu mno, msuko wake hausongi mbele, na kila mara mtunzi anasimama njiani kueleza jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi mgeni anavyopokewa, jinsi dawa inavyotafutwa. Eti hiyo si riwaya, ni kitabu cha mila kilichovishwa wahusika. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, nami naona inafaa ijibiwe kwa maandishi.

Makala haya yana hoja moja. Nasema kwamba kile tunachokiita udhaifu wa fani ya Kitereza ndicho kiini cha kazi yake. Mzee huyu alifanya kazi ya mtunza hati za nyumbani, akaifanya katika umbo la riwaya, tena kwa makusudi. Tukimsoma hivyo tutaona kwa nini kila kitu kinaelezwa taratibu namna ile. Tutaona pia jambo linalotuhusu sisi tunaotoka Mwanza na pwani zote za Ziwa Victoria: historia yetu kubwa imo ndani ya masanduku ya bati chini ya vitanda vya wazee, na inaoza huku sisi tukisubiri mtu mwingine aje aiulizie.

Safari ya mswada

Kabla ya kuhakiki kitabu, hebu tuangalie kilivyotufikia. Sifanyi hivyo ili kujaza ukurasa kwa wasifu wa mtunzi, kama tulivyozoea katika insha zetu. Katika kazi hii safari ya mswada ni sehemu ya maana yake.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa mtu wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, mjukuu wa Omukama Machunda. Alisoma kwa Mapadri Weupe, kwanza Kagunguli kisiwani Ukerewe, kisha katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine za wageni. Hakuwa padri. Alioa, akafanya kazi ya ukarani Mwanza, kisha akarudi kisiwani na kuishi karibu na misheni. Huko Padri Almas Simard alimtia moyo aandike mambo ya watu wake kwa lugha yao. Mwaka 1945 akamaliza riwaya yake kwa Kikerewe.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Padri Simard alifariki bila kuiona kazi hiyo ikichapishwa. Wachapishaji hawakutaka kitabu cha Kikerewe, maana wasomaji wa lugha hiyo walikuwa wachache, na baada ya uhuru mkazo wote uliwekwa kwenye Kiswahili. Mwaka 1968 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuja kutafiti historia ya kisiwa. Wakakutana na mzee mwenye mswada. Ilipoonekana kwamba Kikerewe hakitapata mchapishaji, Kitereza, ambaye umri wake ulikuwa umeshapita miaka sabini, akakaa chini akaifasiri kazi yake yote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Mwaka 1972 akina Hartwig wakaandika makala ya kumtambulisha katika jarida la Research in African Literatures. Maana yake ni kwamba wasomi wa Marekani walimsoma habari zake miaka minane kabla kitabu chake hakijatoka Dar es Salaam.

Kitabu kilitoka mwaka 1980. Mtunzi akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Toka 1945 mpaka 1980 ni miaka 35. Baadaye Wajerumani walikitoa kwa lugha yao katika majuzuu mawili, 1991 na 1993, Wafaransa nao wakafuata, na mwaka 2002 Mkuki na Nyota wakachapisha tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe. Ruhumbika hakufasiri kutoka Kiswahili. Alirudi kwenye Kikerewe chenyewe, kwenye ule mswada.

Sasa tulinganishe. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika. Fikiria, msomaji: katika miaka ile ile kijana mmoja na mzee mmoja wa kisiwa kimoja wanashughulika na riwaya ya Kiswahili juu ya nyumba ya Kikerewe. Ya kijana inatoka mara moja, inazua mjadala nchi nzima, na mpaka leo hakuna mwanafunzi wa fasihi asiyeijua. Ya mzee inakaa miaka mingine tisa. Siwezi kusema moja ni bora kuliko nyingine, maana zinafanya kazi mbili tofauti. Rosa Mistika inatuonyesha nyumba inayovunjika: baba mlevi, binti anayekandamizwa nyumbani na kuponzwa na shule na mji. Kitereza anatuonyesha jinsi nyumba ilivyokuwa ikijengwa kabla ya shule na mji. Anayesoma moja bila nyingine amesoma nusu ya Ukerewe.

Jambo la kuzingatia katika safari hii ni kwamba kwa miaka mingi riwaya hii haikuwa kitabu. Ilikuwa karatasi za nyumbani. Ilikuwa katika hatari zile zile zinazokabili barua za babu na daftari la bibi: mchwa, panya, mvua inayovuja, moto, mtoto anayetafuta karatasi ya kuwashia jiko. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa Kitereza methali hiyo ilitimia. Lakini tujiulize: ni wenyeji wangapi wa Ukerewe, Ukara, Kome, Sengerema na Magu ambao mgeni wao hakufika?

Fani ya mtunza hati

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka wameoana na wanapendana, lakini hawana mtoto. Mimba zinaharibika na watoto hawakai. Ndugu wa mume wanamsimanga mke. Wazazi wa Bugonoka hawavumilii matusi hayo, wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake katika nyumba isiyo na moto jikoni. Anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, anatozwa faini ya pombe, na inabidi atafute ndugu na majirani wa kumsaidia kuiandaa. Mke anarudi. Wanamtafuta mganga, dawa zinatumika kwa muda mrefu, na hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Majina yenyewe yanabeba kumbukumbu ya kifo na huzuni, kama yalivyo majina mengi ya watoto waliotanguliwa na makaburi. Sehemu inayofuata inawafuata watoto hawa katika makuzi, ndoa na mikasa yao.

Mhakiki aliyelelewa na riwaya za kizungu atauliza: mgogoro uko wapi? Faini ya pombe inawezaje kuchukua kurasa zote zile? Jibu langu ni kwamba faini hiyo ndiyo mgogoro. Mume hawezi kuiandaa peke yake. Ndizi zitoke shambani kwa mtu, mtumbwi wa kukamulia upatikane, vyombo viazimwe, watu waje. Na mkewe, ambaye angemsaidia, ndiye anayedaiwa. Ukifuatilia kila hatua ya utengenezaji ule unaona kwa macho yako kwamba mwanamume aliyetengwa na ndugu zake hawezi kumrudisha mke. Kwa Kitereza, maelezo ya kazi ya mikono ndiyo yanayotuonyesha mahusiano ya watu. Ukiyakata ili “kuharakisha msuko” umekata hoja.

Hebu tuweke pembeni yake kitabu cha aina nyingine. Mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria kwa kuzaliwa aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni na aliyefanya kazi muda mrefu Mwanza, alichapisha Sukuma Law and Custom. Humo sheria za ndoa za Wasukuma, majirani wa Wakerewe, zimepangwa kwa mafungu na namba: mahari, talaka, haki ya watoto. Ni kazi yenye manufaa na watafiti wanaitumia mpaka leo. Lakini Cory anakupa kanuni. Hakuambii mtu anatembeaje siku anayokwenda kuikabili kanuni hiyo, nani anamkuta njiani, anasalimiwaje na mama mkwe, anakaa wapi, ananyamaza muda gani kabla hajasema shida yake. Makabila haya ni mawili tofauti, kwa hiyo silinganishi sheria kwa sheria. Nalinganisha namna mbili za kuandika. Afisa aliandika ili baraza liweze kuamua kesi. Mwenye nyumba aliandika ili mtu ajue kesi hiyo inavyouma. Tukibaki na maandishi ya aina ya kwanza peke yake, wajukuu zetu watajua babu zao walitozwa nini, lakini hawatajua walikuwa watu wa namna gani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kitereza na mkewe walizaa, na watoto wao wote wakafa wadogo. Walizeeka bila mtoto. Dini yake haikumruhusu kuoa mke wa pili, naye hakuoa. Najua tumefundishwa tusichanganye mtunzi na mhusika wake, na nakubali: Myombekere alipata watoto, Kitereza hakubaki na hata mmoja. Lakini tuangalie linavyoigusa fani. Mtu mwenye watoto nyumbani haandiki jinsi ya kumsalimu baba mkwe. Mtoto ataona. Haandiki jinsi ya kufunika pombe ichachuke vizuri, kwa kuwa binti yake yuko pale pale na anashika chungu upande wa pili. Anayeandika mambo hayo hatua kwa hatua ni mtu anayemwandikia msomaji ambaye hatakuwapo, ambaye hakuona na hana wa kumuuliza. Karatasi za nyumbani hurithiwa na watoto. Karatasi za Kitereza hazikuwa na mrithi wa damu. Ndiyo sababu anaeleza kila kitu. Sisi tunaolalamika kwamba anaeleza mno ndio hasa aliotuandikia.

Kwa hiyo naiona riwaya hii kama wosia wa mtu asiye na mtoto, ulioachwa kwa watu asiowajua. Ukiisoma hivyo, ule mwendo wa taratibu unaacha kuchosha. Ni mwendo wa mtu anayehesabu vyombo vya nyumba kimoja kimoja kabla hajafunga mlango.

Kile ambacho sanduku linaficha

Hata hivyo tusiwe mashabiki tu. Uhakiki unaoishia kwenye sifa haumsaidii mtunzi wala msomaji. Karatasi za nyumbani zina mwenye nyumba, na mwenye nyumba huchagua cha kuweka na cha kutupa. Kitereza naye alichagua.

Ameiweka hadithi yake katika zama za kabla ya wazungu. Mwaka 1945, alipokuwa akimaliza, kisiwa kilikuwa kimeshapita utawala wa Wajerumani na kilikuwa chini ya Waingereza, na kodi, pamba na misheni vilikuwa vimeshabadilisha kila nyumba. Yote hayo yako nje ya mlango wa kitabu. Tena, hizo zama za kale hazikuwa za utulivu kama msomaji mvivu anavyoweza kudhani. Gerald Hartwig, yule yule aliyemsaidia Kitereza, alichapisha mwaka 1976 The Art of Survival in East Africa, historia ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu katika karne ya 19. Anaeleza jinsi Ukerewe ilivyoingia katika biashara ya pembe za ndovu, na jinsi uhusiano huo wa mbali ulivyoleta pamoja na bidhaa maradhi mapya na hofu kubwa ya uchawi. Hartwig ameandika pia juu ya utumwa uliokuwako kisiwani. Ukimaliza kitabu hicho ukarudi kwa Kitereza, ile hofu ya ugumba, ya sumu na ya vijicho vya jirani inapata sura nyingine. Kinachoonekana kama mila ya tangu na tangu huenda ni jeraha la karne moja tu nyuma yake. Riwaya haituambii hivyo. Inabidi tuweke vitabu viwili mezani.

Lakini kuna uchaguzi mwingine unaompa heshima. Huyu ni mjukuu wa mtawala. Angeweza kuandika tenzi za ikulu: nani alimrithi nani, nani alimpindua nani, ngoma za enzi zilikaa wapi. Waandishi wengi wa kwanza wa historia za nchi za maziwa makuu, kama Apolo Kagwa kule Buganda, walianza na orodha ya wafalme. Kitereza aliandika habari za mkulima wa kawaida na mkewe, na tumbo la mkewe. Katika kitabu chake bibi anayejua dawa ya mimba ana nafasi kubwa kuliko mshauri wa Omukama. Wale wetu tuliozoea kuuliza fasihi inasimama na tabaka gani tujibu swali hilo hapa, maana jibu lake si lile tunalolitarajia kwa mtu wa nasaba yake.

Na kuna tatizo la lugha. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 2002, andiko la Kikerewe lilikuwa bado halijachapishwa. Kitabu kilikuwa kimeshasafiri China, ambako nakala za 1980 zilipigiwa chapa, kikafika Ujerumani na Ufaransa, lakini msomaji wa Nansio hakuweza kukinunua katika lugha aliyolelewa nayo. Kiswahili cha Kitereza ni Kiswahili cha mtu anayewaza kwa Kikerewe. Maamkizi, majina ya mitishamba, mizaha ya watani, vyote vinabisha hodi kutoka upande wa pili wa ukuta. Wahakiki tunatoa hukumu juu ya “lugha ya mtunzi” huku lugha aliyoitunga kazi hatujaiona. Hivi katika somo la isimu tungekubali utafiti wa namna hiyo?

Masanduku yetu

Pengine mtu atauliza: Kitereza alikuwa na kipaji, lakini hizo karatasi nyingine za wazee wetu zina fasihi gani? Swali ni la haki. Nitalijibu kwa mfano mdogo.

Babu yangu mzaa mama, mkulima wa pamba upande wa Magu, alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu. Kila msimu aliandika humo kilo alizopima, bei aliyopewa, na pembeni maneno mawili matatu: mvua imechelewa, fulani amefariki, tumehamia barabarani. Hakuna sentensi inayozidi mstari mmoja. Ukisoma miaka kumi mfululizo unaanza kumsikia mtu anayesema. Mwaka ambao bei ilianguka maneno ya pembeni yanapungua. Mwaka alipofiwa na mkewe mkubwa kuna kilo tu, hakuna neno. Mimi nimefundishwa kutafuta maana ya ukimya katika ushairi. Kwa nini nisiitafute pale?

Na historia iliyomo katika madaftari kama hayo si ya nyumba moja. Jimbo la Ziwa liliona mambo makubwa. Wakulima wa pamba walijenga ushirika wao mpaka ukaundwa muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Matawi ya TANU yalizuiwa katika jimbo kuanzia 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliinuka kupinga baraza la wilaya la rangi mchanganyiko, wakaja mpaka Mwanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na serikali, na katika miaka ile ile watu walikuwa wakihamishiwa vijijini. Mafaili ya Bwana Shauri yanaeleza mengi ya haya, na yako katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Lakini ni mafaili yanayomwona mkulima akitokea mbele ya meza. Stakabadhi ya pamba, kadi ya chama iliyofichwa kwenye kibuyu, barua kwa ndugu aliye jela, picha ya kikundi cha ngoma, cheti cha ubatizo, daftari la michango ya msiba, hivi vinamwona akiwa nyumbani kwake. Karatasi za Cory zina rafu yake katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nami nashukuru kwamba zipo. Za waliokuwa wakihojiwa na Cory ziko wapi?

Tusiseme haiwezekani. Wanafunzi wa Dar es Salaam walishafanya. Mwaka 1968 vijana wa historia walikwenda kusini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee waliokumbuka. Mwaka 1973 John Iliffe alihariri kitabu cha wasifu wa Watanzania, Modern Tanzanians, ambacho baadhi ya waandishi wake walikuwa wanafunzi. Karibu na Mwanza yenyewe, Bujora, Padri David Clement na wenyeji aliofanya nao kazi walionyesha kwamba ngoma, viti vya enzi na vifaa vya Wasukuma vinaweza kutunzwa pale pale wanapoishi watu wake. Basi karatasi nazo zinaweza.

Ipo pingamizi moja ya kweli, nami sitaki kuipita kimya. Familia nyingi haziogopi mchwa, zinaogopa kesi. Karatasi ya zamani inaweza kumpa mtu shamba au kumnyang’anya, kumtaja mtoto wa nje, kufufua deni. Mzee anayekataa kukufungulia sanduku ana akili zake timamu. Kwa hiyo asije mtu akadhani nasema tuwanyang’anye wazee karatasi tuzipeleke mjini. Asili ibaki nyumbani. Leo simu ya mkononi inapiga picha ukurasa ukasomeka vizuri. Mwanafunzi apige nakala kwa ruhusa, aandike karatasi ilikuwa kwa nani, ilikaa wapi, nani alimsomea maneno ya Kikerewe, Kisukuma, Kijita au Kizinza yaliyomo, na nini mwenyewe amekataza kisitolewe. Hilo la mwisho nalo liandikwe, maana kukataa ni habari.

Hitimisho

Nina mapendekezo matatu kwa idara zetu za fasihi. Kwanza, riwaya ya Kitereza isomwe nzima, na isomwe sambamba na Rosa Mistika na historia ya Hartwig, badala ya kutajwa katika orodha. Pili, mwanafunzi anayejua Kikerewe aruhusiwe kuandika tasnifu ya kulinganisha mswada wa 1945 na tafsiri ya mtunzi mwenyewe. Sijui kazi gani ya uhakiki ingekuwa na maana zaidi ya hiyo kwa Kanda ya Ziwa, na kila mwaka unaopita wanaoweza kuifanya wanapungua. Tatu, kuhariri na kufafanua karatasi za nyumba moja kuhesabiwe kuwa kazi halali ya kumalizia shahada, sawa na kuchambua fani na maudhui ya tamthilia iliyokwisha kuchambuliwa mara arobaini.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwetu daftari lipo, tena mengi, na yanayokosekana ni macho ya kuyasoma. Likizo ndefu inakuja. Anayevuka kwenda Nansio, Ukara au Kome, na anayepanda basi la Magu au Geita, aulize kwa adabu, baada ya salamu na baada ya chakula, kama kuna karatasi ambazo mzee angependa zisomwe. Akiambiwa hakuna, akae kidogo. Aghalabu jibu la pili ndilo la kweli.